Kusubu plastiki nyumbani Zanzibar: shida ni maji yaliyomo hewani

Bomba la bafuni likizeeka, mara nyingi shaba yake bado nzima na kilichokufa ni kishikio. Plastiki imepasuka kwenye tundu lenye meno, kishikio kinazunguka bure, na wenye nyumba wanafungulia maji kwa koleo. Ukenda sokoni Darajani au Mwanakwerekwe utauziwa bomba jipya zima, tena la aina nyengine, kwa sababu kishikio cha lile la zamani hakiletwi tena. Sasa tuseme nyumba ya wageni pale Malindi ya Mji Mkongwe ina mabomba 24 ya namna moja, yaliyofungwa wakati mmoja, na yote yameanza kufa kwa pamoja. Kuyang'oa ni kuvunja vigae vya bafu zima. Kiwandani nako hakuendeki: plastiki za viwandani husukumwa kwa mashine ndani ya kalibu ya chuma, na kalibu hiyo peke yake hugharimu maelfu ya dola kabla kipande cha kwanza hakijatoka. Gharama hiyo inabebeka kwa vipande elfu kumi. Kwa vishikio 24 haibebeki.

Kati ya kipande kimoja na elfu kumi ndipo ilipo kazi anayoweza kuifanya mtu uani kwake: kutengeneza kalibu ya mpira wa silikoni kutokana na kishikio kimoja kizima, kisha kumimina rezini, yaani plastiki ya maji inayoganda ikichanganywa na dawa yake, humo mara nyingi. Ninaithamini sana kazi hii kwa visiwa vyetu, maana karibu kila kitu cha kiwandani hutufikia kwa meli, na kikivunjika kipuri chake aghalabu hakifuati. Lakini maelezo mengi yanayopatikana yameandikwa na watu wanaofanya kazi katika vyumba vya nyuzi 20, hewa kavu. Mtu wa Unguja au Pemba akiyafuata neno kwa neno atatoa vipande vilivyojaa mapovu, na atadhani ameuziwa rezini mbovu. Kwetu kinachoharibu kazi kwanza ni maji yaliyomo hewani, kisha joto. Mtu akishajua hayo mawili yanaingia wapi, mengine ni ya kujifunza kwa mkono.

Za kuyeyusha na za kuchanganya

Plastiki zimegawika mafungu mawili. Fungu la kwanza huyeyuka kwa moto na kuganda zikipoa, tena na tena: ndoo, madumu, vifuniko vya chupa. Fungu la pili huanza kama vimiminika viwili. Vikichanganywa hushikana kikemia, vikawa kitu kigumu kisichoweza kurudi kilikotoka, kama yai lililochemshwa. Bakelaiti aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907, ile plastiki nyeusi au ya kahawia ya swichi za umeme za zamani, ni ya fungu la pili.

Wengi huvutwa na fungu la kwanza, kwa kuwa vifuniko vya chupa vimejaa ufukweni na havina bei. Nia ni njema, lakini kwa sufuria na jiko la mkaa haiendi mbali. Vifuniko hivyo ni vya polithini ngumu, inayoyeyuka karibu nyuzi 130, au polipropilini, karibu nyuzi 165, na hata zikiyeyuka hazimiminiki. Zinakuwa ujiuji mzito unaovutika, usiojaza pembe za kalibu mpaka ushindiliwe kwa nguvu kubwa, na kalibu yenyewe iwe ya chuma au aluminiamu. Jengine ni kwamba mtu hujua nusu tu ya kilichomo sufuriani. Kipande cha bomba la PVC kikiingia humo na moto ukazidi, hutoka gesi ya asidi ya haidrokloriki inayounguza macho na mapafu. Plastiki usiyoijua usiipike.

Kwa mtu wa nyumbani, basi, njia ni fungu la pili.

Rezini nne

Iliyo karibu nasi zaidi ni poliesta, ile rezini ya mafundi wa boti za faiba. Ni ya bei nafuu kuliko nyengine na mafundi wake tunao wenyewe, kwa hivyo hata ushauri unapatikana. Hutiwa hadina, yaani dawa ya kuigandisha, kidogo sana, asilimia 1 hadi 2 kwa uzito, yaani gramu 1 au 2 kwa kila gramu 100 za rezini. Kasoro zake ni tatu. Inanuka vibaya kwa sababu ya kemikali ya stairini iliyomo. Inasinyaa sana ikiganda: ujazo wake hupungua kwa asilimia 5 hadi 8, ambayo kwa urefu ni kama asilimia 2. Na stairini hiyo hiyo huila kalibu ya silikoni, hivyo kalibu haidumu. Upande uliobaki wazi kwa hewa hukaa ukinata, kwa kuwa oksijeni huzuia poliesta kukomaa juujuu. Ukiufunika kwa karatasi ya nailoni tatizo linakwisha.

Puti ya magari ni ndugu yake. Ndani yake ni poliesta iliyochanganywa na unga laini wa jiwe, na ile rangi ya hadina yake humwezesha mtu kuona kama mchanganyiko umekolea sawasawa. Haimiminiki, hushindiliwa kwa kijiti, kwa hivyo haifai kwa umbo lenye pembe nyembamba. Lakini kwa kofia ya mguu wa kiti, kifundo cha droo, pambo la kitako cha taa, inafaa kabisa, inasinyaa kidogo kwa sababu unga hausinyai, na inauzwa kwa kopo dogo popote penye gereji. Kwa mtu asiye na fedha ya kujaribia, ningeanzia hapo.

Epoksi ni nzuri na tulivu. Hainuki sana, inasinyaa kidogo, inashika rangi, na unyevu hauiharibu ndani. Hewa ikiwa mbichi huacha tu utando wa mafuta kwenye uso uliokuwa wazi, unaotoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ubaya wake ni bei, na saa nyingi za kusubiri. Epoksi ndiyo inayofundisha nidhamu ya mizani, kwa sababu vipimo vyake havina huruma. Mtengenezaji akisema mbili kwa moja kwa ujazo, usidhani ni mbili kwa moja kwa uzito: hadina ni nyepesi kuliko rezini, na gramu 100 za rezini zinaweza kuhitaji gramu 43 au 44 tu za hadina. Soma chupa inasema kipi. Kuongeza hadina ili epoksi iganda haraka, kama ilivyozoeleka kwa poliesta, kunaiacha laini milele.

Ya nne ni poliurethani, kemia iliyoanzishwa na Otto Bayer huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Kwa kazi ya vipande vidogo vingi hii ndiyo bora kuliko zote. Ni nyepesi, inaingia kila upenyo, inasinyaa chini ya asilimia 1, na aina za haraka hutolewa kwenye kalibu ndani ya nusu saa. Kipande chake kinastahimili kuanguka na kukazwa kwa mkono, jambo ambalo kishikio cha bomba linalihitaji. Na ndiyo hii inayoharibika zaidi kwa hewa yetu.

Maji

Upande mmoja wa poliurethani una kemikali iitwayo isosianeti. Kazi yake ni kushikana na upande wa pili wa mchanganyiko, lakini ikikutana na maji hushikana nayo pia, na kila inapofanya hivyo hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ndiyo inayoumua magodoro ya sponji. Ndani ya kishikio cha bomba inakuwa msiba. Tone moja la maji lina uzito wa kama gramu 0.05, na likishiriki lote linatosha kutoa zaidi ya mililita 60 za gesi. Kishikio chetu chote kina ujazo wa mililita 20. Huhitaji kumwagikiwa na maji, basi. Unyevu uliojificha kwenye kijiti cha kukorogea unatosha.

Na hewani maji tunayo mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa hapa, imebeba kama gramu 24 za maji. Chumba cha nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50, alimokaa yule aliyeandika maelezo, kina kama gramu 9. Ndiyo maana kopo linalosemwa linakaa miezi baada ya kufunguliwa, kwetu huanza kufanya utando au chembe nyeupe mapema mno.

Majira nayo yana neno lake. Kipupwe, tangu Juni hadi Septemba, ndicho kipindi changu cha poliurethani: joto limepungua na mvua ni chache. Kaskazi ni joto kali lakini kunafanyika kazi. Vuli ni kuchagua siku. Masika, na khasa masika ya Pemba ambako mvua huzidi ya Unguja, afadhali kufanya epoksi au kutengeneza kalibu na kuziweka. Mtu akilazimika, afanye ndani ya chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa saa nzima kabla, maana kiyoyozi hukamua maji hewani na ndiyo yale yanayodondoka nje kwenye bomba lake.

Saa ya siku ni jambo linalochanganya wengi. Alfajiri kuna ubaridi, na mtu hudhani ndiyo saa bora kwa kila kitu. Kwa epoksi na poliesta ni kweli, kwa sababu adui yao ni joto: kila nyuzi 10 zikiongezeka, muda wa kumimina hupungua kwa karibu nusu, na kikombe kizima cha rezini mchana wa Februari kinaweza kufuka moshi mkononi. Lakini alfajiri ndiyo saa unyevu umefika juu kabisa, na mbao, karatasi, unga, hata kalibu yenyewe vimeunywa usiku kucha. Poliurethani ingoje alasiri, baada ya vifaa vyote kukaa juani mchana. Muda wa kumimina utakuwa mfupi, kwa hivyo changanya kidogo kidogo, kiasi cha kujaza kalibu unazoziona mbele yako.

Kosa moja lina sura ya busara: kuitia rezini katika friji ili isiwahi kuganda. Chupa baridi ikifunguliwa katika hewa yetu hutokwa jasho nje na ndani, na jasho hilo huingia kwenye isosianeti. Ukiwa umeiweka baridini, iache ifungike vilevile mpaka irudi kwenye joto la chumba. Afadhali zaidi usiiweke kabisa, na friji ya chakula si mahali pake kwa hali yoyote.

Yaliyobaki ni tabia. Nunua makopo madogo hata kama kopo kubwa ni rahisi kwa gramu. Funga mara tu ukishamimina, na weka chupa ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya silika vinavyokuja kwenye viatu na mikoba, maadamu vimekaushwa. Koroga kwa chuma au plastiki, kijiti cha mti kina maji. Usitumie vikombe vya karatasi. Rangi ya ukutani ya maji haiingii humo. Tumia rangi iliyotengenezwa kwa rezini. Kalibu yenyewe ipashwe joto mpaka mkono uhisi uvuguvugu, ipoe kidogo, ndipo umimine.

Kalibu

Silikoni haishiki kwenye vitu vingi, ingawa hushika kioo, vyombo vya udongo vyenye king'ao, na silikoni mwenzake. Sifa hiyo, pamoja na kunakili hata alama ya kidole, ndiyo iliyoifanya iwe kalibu ya kila mtu. Kwa sababu hiyo hiyo kishikio cha asili kisafishwe na kupigwa msasa mpaka uridhike, kwani kila mkwaruzo utazaliwa mara 24. Ukiwa na rafiki mwenye printa ya 3D anaweza kukuchapia kishikio kizima badala ya kilichovunjika, lakini ile mistari ya tabaka za printa itanakiliwa yote.

Njia ya fedha kidogo ni silikoni ya tyubu, ile ya kuzibia vioo na masinki, inayonuka siki. Inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Peke yake huganda kutokea nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku nzima, kwa hivyo kalibu nene ingebaki ujiuji katikati kwa wiki. Dawa yake ni wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kutengenezea kastadi. Wanga una unyevu ndani yake na huupeleka unyevu kila mahali kwa pamoja, hivyo bonge zima huganda kwa dakika badala ya siku. Anza na silikoni vipimo viwili kwa wanga kimoja, kanda kwa mikono yenye glavu, na fanya haraka. Kwanza paka kishikio tabaka jembamba la silikoni tupu kwa brashi ili michoro isipotee, kisha ndipo ushindilie lile bonge juu yake. Asidi ya siki hula shaba, kwa hivyo kama kishikio chako cha asili ni cha shaba kipake vanishi kwanza. Na kumbuka tulikotoka: kalibu hii imejengwa kwa unyevu. Iache siku mbili juani na hewani mpaka harufu ya siki iishe kabisa, la sivyo poliurethani itaumuka humo. Kwa puti, poliesta na epoksi haina neno.

Silikoni ya kumimina huja kwa makopo mawili na lazima iagizwe, aghalabu kutoka Dar es Salaam au mbali zaidi. Kuna inayokomazwa kwa dawa ya bati na inayokomazwa kwa dawa ya platini. Ya bati ni rahisi, haichagui, na inahitaji unyevu kidogo wa hewani ili ikomae vizuri, kwa hivyo hapa hewa yetu inakuwa upande wetu. Inasinyaa kati ya asilimia 0.2 na 1, na baada ya kuitoa inatakiwa ikae siku nzima kabla ya kumiminwa, kwa sababu hutoa spiriti inayozuia poliurethani kukomaa. Ya platini haisinyai karibu hata kidogo na hudumu miaka, lakini ni ghali na ina deko: salfa ikiigusa haigandi kamwe. Salfa imo kwenye glavu za mpira wa kawaida na kwenye baadhi ya udongo wa kuchezea watoto. Kwa vishikio vya bomba nachagua ya bati bila kusita.

Kishikio kina juu na chini, kwa hivyo kalibu ni ya sehemu mbili. Kizamishe nusu kwenye udongo wa mfinyanzi ndani ya kisanduku kidogo cha mbao laini au plastiki, sawazisha udongo mpaka mstari wa nusu uwe safi, kisha bonyeza gololi tatu au nne nusu yake pembeni na uzing'oe. Mashimo hayo yatazaa vifundo vitakavyofanya nusu mbili zikutane mahali pamoja kila mara. Mimina silikoni kutoka juu, uzi mwembamba, ukianzia kona moja, uache ijisambaze yenyewe. Uzi huo mrefu hupasua mapovu mengi kabla hayajafika. Ikiganda, geuza, ondoa udongo, paka vaselini nyembamba sana juu ya silikoni iliyoganda, kisha mimina nusu ya pili. Ukisahau vaselini utapata jiwe moja la mpira lenye kishikio tumboni.

Sehemu ngumu ni tundu lenye meno. Ukiliacha linakiliwe na silikoni, mahali pa tundu patasimama kijiti cha mpira kinachoyumba, na meno yatakuwa madogo kidogo kuliko mhimili, kile kijiti cha bomba kinachovikwa kishikio. Njia bora ni kutafuta bomba bovu, kutoa mhimili wake wa shaba, kuupaka nta na kuusimamisha ndani ya kalibu mahali pa tundu. Rezini itashika umbo la meno kutoka kwenye chuma chenyewe, na kusinyaa kwa silikoni hakutahusika. Ikikomaa, uvute mhimili, uusafishe, uupake nta tena.

Hesabu ya vishikio 24

Ujazo wa kishikio hupimwa kwa kukizamisha katika kikombe chenye alama za mililita na kuangalia maji yamepanda kiasi gani, tumesema 20. Vishikio 24 ni mililita 480. Ongeza asilimia 15 kwa yanayobaki vikombeni na kwenye tundu la kumiminia, inakuwa kama 550, na kwa kuwa poliurethani ina uzito wa karibu gramu 1.05 kwa mililita, unahitaji kama gramu 580. Kisanduku cha kishikio kimoja cha sentimita 6 kwa 6 kwa 5 kina mililita 180. Toa 20 za kishikio, silikoni ni 160. Kalibu nne ni 640. Mimina mara sita, kila mara ukingoja dakika 40, na kazi imekwisha kwa saa nne. Kalibu moja peke yake ingekufunga siku mbili, lakini silikoni yake ni robo. Hapo ndipo mtu anapoamua kati ya fedha na muda, na kwa kazi isiyo na mwenye kuidai, kalibu mbili ni wastani mzuri.

Mizani ni lazima iwe ya kidijitali, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama zile za masonara. Mizani ya jikoni haifai kwa kikombe cha gramu 25.

Mapovu ya unyevu tumeyamaliza. Yapo bado ya hewa ya kawaida inayonaswa pembeni. Nyunyiza poda ya watoto, kavu, ndani ya kalibu, kisha ipulize ibaki kama vumbi tu. Rezini itateleza na kuingia kila kona. Toboa matundu madogo ya kupumulia sehemu zote zilizo juu kabisa. Inamisha kalibu wakati wa kumimina, kisha isimamishe na uigongegonge. Wenye vifaa hutumia tangi la shinikizo la baa 3 au 4, ambalo hulibana povu mpaka kufikia robo au sehemu moja ya tano ya ujazo wake. Sufuria la presha la jikoni si badala yake. Limetengenezwa kwa shinikizo la karibu baa 1, na likipasuka linaua. Kwa kutoa hewa kwenye silikoni, zungumza na fundi wa friji na viyoyozi: pampu anayotumia kunyonya hewa kwenye mabomba ya gesi inafanya kazi hiyo hiyo. Chombo kiwe kikubwa, kwani silikoni huumuka mara tatu au nne kabla ya kutulia.

Pasipofaa, na mwili wako

Rezini hizi zikikomaa kwa joto la kawaida tu huanza kulegea mapema. Epoksi nyingi hulegea kati ya nyuzi 45 na 60, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto linapita hapo. Kifundo cha jiko la gesi, kwa hivyo, usikitengeneze, wala kifuniko cha swichi au kitu chochote kinachoshika waya wenye umeme, kwa sababu poliesta na poliurethani za kawaida zinawaka moto. Kikombe, kijiko, chombo cha mtoto, navyo hapana. Kishikio cha bomba, kifundo cha droo, roda ya pazia, kofia ya mguu wa meza, hivi ni vyake.

Kuhusu afya nasema kwa msisitizo, maana wanaoumia huumia polepole. Mvuke wa isosianeti unaweza kumwachia mtu pumu, na akishaupata mwili wake huweza kuukataa hata kwa kiasi kidogo kabisa maisha yake yote. Epoksi hufanya hivyo kwa ngozi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inayozuia ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa. Fanya kazi uani penye upepo, si jikoni wala chumba cha ndani cha nyumba za Mji Mkongwe, na watoto wakae mbali. Glavu ziwe za naitraili. Rezini ikikugusa, futa kisha osha kwa sabuni. Thina huipeleka ndani zaidi ya ngozi. Hadina ya poliesta ikirukia jicho inaweza kulipofua, kwa hivyo miwani ni ya lazima. Na kama rezini yako huuzwa pamoja na kiongeza kasi cha kobalti katika chupa nyengine, usikutanishe chupa hiyo na hadina moja kwa moja, kwani hulipuka. Kobalti ikorogwe kwanza ndani ya rezini, hadina ije baadaye. Kikombe chenye mabaki kiweke nje juu ya jiwe mpaka kigande na kupoa, ndipo kitupwe. Rezini mbichi isimwagwe mferejini wala baharini.

Ukifikia kupanga bei, gawa gharama ya silikoni kwa vipande ambavyo kalibu itaishi kuvitoa. Kwa poliurethani, kalibu ya silikoni ya bati hutoa kama 20 hadi 50 kabla haijaanza kuchanika. Kwa poliesta tegemea pungufu. Kazi ikikua ukaombwa vishikio mia, tengeneza kalibu mpya, na kila kalibu mpya itokane na kile kishikio cha kwanza. Ukitumia nakala kuzaa nakala, kusinyaa kunajumlishwa: asilimia 1 kila kizazi, na kufikia kizazi cha tatu tundu la milimita 8 lililoachwa linakiliwe na silikoni limebaki 7.76, nalo haliingii tena kwenye mhimili wa bomba.